Barza Iliyochelewa Kukauka

Hapa mtaani kwetu Kamalondo kila nyumba ina barza ya saruji, kibaraza cha kukaa jioni, na saruji haina madai. Unaifagia asubuhi, unamwaga ndoo ya maji, basi, umemaliza. Mume wangu peke yake ndiye aliyeona ni lazima barza iwe ya mbao, tena nyuma ya nyumba, pale mlango wa jikoni unapotokea, mahali ambapo hakuna mpita njia wa kuisifu. Nilimwambia siku ileile ya kwanza, akiwa bado anapima kwa kamba: "Papa, uko unanijengea barza ao uko unanitafutia kazi?" Alicheka tu, akaendelea kupima.

Alikuwa seremala wa reli. Ujana wake wote aliumalizia kwenye viti na kuta za mabehewa, enzi mabehewa yalipokuwa bado na mbao ndani, na huko ndiko alikopatia wazimu wa verni, ile vanishi ya kung'arisha mbao. Mbao za barza alikwenda kuzichagua mwenyewe, mulombwa mtupu, ule mti mwekundu ambao vumbi lake likikuingia puani unapiga chafya nyekundu. Alizipanga juu ya nguzo fupi, akaacha upenyo mdogo kati ya bao na bao ili maji yapite, akaezeka bati upande wa ukutani. Nguzo za chini alizipaka mafuta machafu ya moteri, yale ya injini, kwa sababu ya mchwa. Juu, hapana. Majirani zetu wao hupaka mafuta ya moteri kila mahali, mlangoni, dirishani, hata kwenye kiti cha mgeni, na ukikaa unaondoka na doa matakoni. Mume wangu akiona vile alikuwa anasonya mpaka namvuta shati anyamaze.

Kila mwaka, baridi ya kiangazi, maana hapa kiangazi huja na baridi, ikianza kulegea na vumbi likiwa limeingia mpaka kwenye sukari, barza ilifungwa. Ndivyo tulivyokuwa tunasema nyumbani: barza imefungwa. Aliondoa viti vyote, akaosha mbao kwa brosi na sabuni, akaziacha jua lizikaushe vizuri. Kisha akapiga magoti na msasa wake, akifuata nyuzi za mbao. Ole wako ukatize nyuzi! Akimaliza anafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, halafu ndiyo verni. Kila mpako aliuita kushi, kama mafundi wote wa hapa. Kushi ya kwanza ilikuwa nyepesi, imechanganywa na esansi, petroli, kidogo ili mbao iinywe. Ya pili nzito kidogo. Ya tatu ndiyo ile inayobaki juu kupambana na jua na mvua. Na kati ya kushi na kushi ni kungoja. Muda wote huo mimi nilipitia mlango wa mbele na masufuria yangu, nikizunguka nyumba nzima kwenda kumwaga maji ya vyombo, nikimtukana kimoyomoyo, na siku nyingine si kimoyomoyo.

Sasa niseme ukweli wangu. Ile kazi niliichukia, na ile barza niliipenda kuliko chumba chochote cha nyumba. Jioni tulikaa pale, mimi nikichambua maharagwe, yeye amevua viatu, nyayo zake zimelala juu ya mbao. Hatukuwa na maneno mengi. Ila mvua ya kwanza ya kila mwaka tuliisikilizia pale, chini ya bati, watoto walipokuwa wadogo na hata walipokwenda zao. Matone ya kwanza yakigonga, yeye alikuwa anainama kutazama ukingo ambao bati haliufikii, aone kama maji yanasimama juu ya verni au yanazama. Yakisimama, anarudi kuegemea kiti chake na kusema kwa Kifaransa chake, "Voila," yaani ndivyo. Mimi hilo neno lilinitosha mwaka mzima.

Mwaka jana aliifunga barza kama kawaida. Nilimwona anachoka upesi, anapumzika baada ya kila bao, lakini yeye ni mtu wa kumwambia kitu? Alipiga msasa mpaka bao la mwisho. Mbao zote zikabaki tupu, zimepauka, hazina kitu juu yake. Kisha akakaa chini pale alipokuwa, na alipotaka kuinuka, miguu ikamkatalia.

Hospitali walisema ni ini. Tulikaa kule, tukapimwa, tukapimwa tena, na siku moja daktari, kijana mwenye sauti ya upole, akanivuta pembeni, akaniambia turudi nyumbani, nimpe muzee chakula anachokipenda. Nilielewa. Hata mtoto angeelewa. Nilimshukuru, kisha nikaenda kukusanya sahani na blanketi zetu.

Tulipomwingiza nyumbani, binti yetu, yule wa mwisho, anayekaa mtaa wa Kasapa, alikuwa bado anamvua viatu, na mume wangu akauliza, "Barza iko namna gani?" Si chakula, si maji. Barza. Binti akamwambia ameifunika kwa turubai. Baba yake akaitikia kwa kichwa, akalala.

Kuanzia siku ile nilitaka kitu kimoja tu duniani. Nilitaka akae tena pale. Mara moja. Mvua ya kwanza itukute tuko wawili chini ya lile bati, aseme neno lake, halafu Mungu afanye anavyotaka. Sikuomba apone, maana nilikuwa nimekwisha kusikia. Niliomba barza.

Kesho yake nikamwambia tumpeleke. Kiti kipo, mito ipo, ni hatua chache kutoka jikoni. Alikataa.

"Mabao iko mutupu," alisema. "Mabao mutupu inakunywa kila kitu, hata jasho ya miguu. Haikanyagwe."

"Papa, ni weye tu na miye. Hatutaiharibu."

"Haikanyagwe, mama. Mvua iko karibu. Ipakwe kwanza."

Binti yetu akasema tutafute fundi, wako wengi, kazi itakwisha haraka. Nikamkatalia kabla baba yake hajafungua mdomo. Siku zenyewe zilizobaki hatuzijui, halafu nizitumie kumtazama mwanaume mwingine amepiga magoti mahali pake? Hapana. Nilifunga kitenge kiunoni, nikaenda kutafuta brosi yake katika lile sanduku ambalo kwa maisha yangu yote ya ndoa nilikuwa nimekatazwa kuligusa. Zote zilikuwa safi, zimefungwa katika magazeti. Mtu wangu huyu, shuka lake la kitanda hakuwahi kulikunja hata siku moja.

Siku ya kushi ya kwanza tulimweka kwenye mlango wa jikoni, juu ya kiti, blanketi magotini. Nilidhani atafurahi kuniona. Wapi! Alianza kunipigia kelele kabla sijachovya.

"Anza na bichwa ya mabao! Pale bilikatwa, njo maji inaingiaka."

"Niko naona, Papa."

"Hauko unaona. Uko unapaka sawa siagi kwa mukate. Vuta brosi. Vuta, mama! Mpaka mwisho ya libao, usisimame katikati!"

Nilikuwa nimepiga magoti, mgongo unaniwaka, jasho linanidondokea, na mimi sina subira, kila mtu anajua. Nikageuka na brosi mkononi: "Basi kuja ufanye weye!"

Neno lilikwisha kutoka. Nilimwona pale kwenye kiti, mabega yamekuwa membamba kama ya kijana, na nikatamani kuumeza ulimi wangu. Akaniangalia. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata na binti akaja mbio na maji. "Umeona?" aliniambia alipopata pumzi. "Niliolewa na moto." Alikuwa anapenda kusema hivyo, kwamba yeye ndiye aliyeolewa. Nikarudi kwenye bao langu, na safari hii nikavuta brosi mpaka mwisho bila kusimama.

Mulombwa ukipata verni unaamka. Ule wekundu ambao ulikuwa umelala chini ya vumbi unapanda juu, na unaona kila mshipa wa mti. Nilipomaliza tulikaa wote watatu tunautazama. Hakuna aliyenisifu, ila mume wangu hakulalamika, na kwa mtu huyu hiyo ni sifa.

Baada ya hapo hakuweza tena kukaa kwenye kiti. Tumbo lilikuwa limejaa maji, miguu imevimba inang'aa. Alilala katika chumba cha mbele, na kutoka pale huwezi kuona barza hata ukijinyonga shingo. Nilipiga msasa mwepesi peke yangu, nikapaka kushi ya pili peke yangu, nikarudi kumpa habari. Hakuniamini. Nilipomwambia kesho yake kwamba imekauka, akasema, "Enda uweke mukono kwa mabao. Kamata kwa nguvu. Halafu ulete."

Nikaenda, nikabandika kiganja juu ya bao, nikakishikilia pale, nikarudi nacho kimefunguliwa, kama mtoto anayeonyesha alichookota. Alikishika kwa mikono yake miwili, akakipeleka puani. Alinusa polepole, kiganjani, kwenye vidole, tena kiganjani.

"Haiyakauka," alisema.

Sisi si watu wa kushikana mikono. Kaskazini tulikotoka, kwa wazee wetu, mume na mke hawafanyi hivyo mbele za watu, na sisi tulizoea hivyo hata tukiwa peke yetu. Miaka yote ile tulipeana sahani, tulipeana watoto, tulipeana fedha ya sokoni, lakini kushikwa mkono hivi, taratibu, na pumzi yake ya moto juu ya ngozi yangu, sikuwa nakujua. Asubuhi nikawa naamka nikiingojea ile saa. Nilikuwa bibi wa wajukuu, na moyo ulikuwa unanidunda nikitoka barzani na mkono wangu.

Lakini siku zilikuwa zinakwenda, na mimi nilikuwa naona anavyokwisha. Basi nikadanganya. Nilibandika mkono kwenye mbao, nikapita jikoni, nikaunawa, nikaukausha kwenye kitenge, nikampelekea. Akanusa. Akafumba macho, akanusa tena.

"Ulinawa."

"Sikunawa!"

"Na sabuni ya kufulia."

Nikaanza kujitetea kwa sauti ya juu, naapa kwa Bikira Maria na kwa watakatifu wote, na yeye ananiangalia tu, ndevu nyeupe zimeota kidevuni, macho ya njano, anatabasamu. Nikashindwa. Nikacheka naye. Halafu nikasema nakwenda kutazama chungu, nikaingia jikoni, nikajifunika uso kwa kitenge nikalia bila sauti, maana chungu chenyewe hakikuwepo.

Mawingu yakaanza kujikusanya alasiri. Joto likawa lile la kabla ya mvua, hata kuku wanahema. Nikamwambia kushi mbili zinatosha.

"Mwaka huu tu, Papa. Mbili tu. Leo jioni tunakupeleka, unakaa."

"Ya tatu."

"Nani ataiona? Nani atajua ni mbili ao tatu?"

"Mvua itajua. Paka ya tatu."

Hapo nikawaka. Binti yetu alikuwa amekaa kando ya kitanda na bakuli la uji, na sikumjali. "Utakufa mbele ile kintu ikauke!" nilipaza sauti. "Unasikia? Utakufa, na mabao yako itabaki!"

Neno hilo hakuna aliyekuwa amelitamka tangu tutoke hospitali. Tulikuwa tunalizunguka tu. "Mama!" binti alisema, na kijiko kikaanguka kwenye uji.

Yeye hakukasirika. Alikuwa anatafuta pumzi ya kutosha. "Njo maana," alisema. "Nani atakaa pale myaka yote? Miye ao weye?"

Nilitaka kumpiga. Naandika hivi na sioni haya. Nilitaka kumpiga kwa kuwa alikuwa amekwisha kujiondoa, amepanga mpaka kiti changu kitakapokaa, na mimi nilikuwa bado napigana ili tukae wawili. Nilimwambia sitaki. Nilimwambia barza ya mtu mmoja naitupia mchwa. Nilimwambia mengi. Alingoja nimalize kama alivyokuwa akingoja verni, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Paka, mama. Ikikauka tutaenda. Nakuahidi."

Nikapaka. Ningefanya nini? Bila kushi ya tatu hatoki kitandani, na hakuwa na nguvu ya kubebwa kwa lazima, wala mimi sikuwa na moyo wa kumbeba hivyo. Nilipaka asubuhi mapema, vizuri kuliko siku zote, hakuna tone, hakuna unywele wa brosi. Lakini hewa ilikuwa nzito, imejaa maji, na verni katika hewa kama ile inakataa. Mchana mzima ilikuwa bado inanata. Nilisimama mlangoni nikiipepea kwa kitambaa cha meza, mwanamke mzima mwenye mvi, nikipepea sakafu. Binti alinikuta hivyo. Akachukua kipande cha katoni, akaanza kupepea upande wa pili.

Jioni nilimpelekea mkono. Hakuweza tena kuushika, nikauweka mwenyewe karibu na pua. Alinusa muda mrefu.

"Kesho," alisema.

"Kesho nini?"

"Kesho utanipeleka."

Yo! Nilivyofurahi! Nilipiga pasi shati lake la misa, lile la mikono mirefu. Nilifua foronya za mito. Nilikichukua kiti chake nikakifuta, nikakiweka jikoni tayari, kimeelekea mlango. Nilimwambia binti asiende Kasapa, kesho baba yako anatoka nje. Na yeye naye akafurahi, tukaanza kubishana wawili kama shati lipi linamfaa zaidi, kama tunamtayarisha bwana harusi.

Kulipokucha nilikwenda kwanza barzani kabla ya kuingia kwake. Nilibandika kiganja. Kilitoka bila kunata, kimebeba harufu kidogo tu, kidogo sana. Kwa kukanyaga kwa nguvu ilikuwa bado laini, hilo nilijua, lakini kwa kiti kimoja na mtu asiye na uzito ingefaa. Nikaingia mbio, naita tangu jikoni: "Papa! Papa, ilikauka!"

Alikuwa amelala chali, mdomo umefunguka kidogo. Niliuweka mkono kwenye pua yake. Nikangoja. Nikausogeza karibu zaidi, mpaka ukagusa ngozi, nikamwambia, "Nusa, Papa. Leo sikunawa." Hakuvuta. Binti alipoingia alinikuta bado nimeuweka pale, na ni yeye aliyeuondoa.

Mwili ulikwenda kwenye chumba cha maiti, na kabla jua halijapanda sana nyumba ilikuwa tayari ya kilio. Anayejua vilio vya kwetu anajua. Vijana wa ukoo wanaingia, wanatoa viti, meza, kabati, kila kitu nje, ili wanawake wakae chini. Wanaume wanawasha moto uani. Dada yake mkubwa, wifi yangu, alifika na wanawake wa kwao, akanivua viatu, akanifunga kitambaa kichwani, akanikalisha kwenye godoro sakafuni, miguu nimeinyoosha. Mjane anakaa hapo mpaka mazishi. Haulizi, haamrishi, hapiki, hatoki nje bila mtu wa kumshika. Nilikubali yote. Sikuwa na nguvu ya kukataa hata kitambaa.

Alasiri bati likalia. Tone moja, mengine, kisha yote kwa pamoja. Mvua ya kwanza.

Nilisikia uani watu wanapiga kelele, wanacheka kidogo vile watu hucheka mvua ikiwakuta hata kama wako kilioni. Nikasikia mtu anaita, "Kujeni hapa, hapa kuko bati!" Halafu nikasikia miguu juu ya mbao. Si miguu ya mtu mmoja. Ilikuwa miguu ya uani nzima, viatu vya wanaume, kandambili za wanawake waliokuwa wanapika, na kitu kizito kinaburutwa. Mbabula, jiko la makaa. Kabati langu. Nilijua kila sauti ilikuwa nini, maana nimeishi na zile mbao.

Nikajaribu kuinuka. Wifi akanishika bega. "Kaa, mama. Mujane hatokake."

"Barza," nilisema. "Batoke. Batoke kule!"

"Kaa."

Nikapiga kelele. Sijawahi kupiga kelele vile, hata kwenye uzazi. Nilitaja barza, nilitaja verni, nilimtaja yeye, nilisema anangojewa, kiti chake kiko jikoni. Na wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mikeka waliposikia mjane amepasuka, nao wakapasuka, wote pamoja, wakilia kama wanavyolia kwetu, "Mawe, mawe, mama yetu!", mpaka mvua yenyewe haikusikika. Wifi alinikumbatia akalia shingoni mwangu. Alikuwa amempoteza mdogo wake. Sikuweza kumchukia. Nikakaa.

Tulimzika. Kilio kikaondoka, watu wakaaga, vijana wakarudisha viti ndani. Viti vilipokwisha kurudi, binti yetu akaja kunishika mkono, akaniambia nisiende nyuma bado. Nikaenda.

Verni ilikuwa imekauka kabisa, na ilikuwa imekauka na watu ndani yake. Hapa mkeka ulikuwa umejichapa, unaona ukindu mmoja mmoja unavyopishana. Hapa visigino vya viatu vya wanaume. Hapa miguu ya mbabula, na majivu yameganda pembeni. Hapa mtu mnene alipita bila viatu, vidole vyote vitano vinahesabika. Hapa mtu alijisukuma kwa kiganja ili ainuke. Kandambili ya wifi niliitambua, ina ufa katikati. Ukingoni, pale bati lisipofika, maji ya mvua yalikuwa yamesimama juu ya verni, duara duara, hayajazama.

"Tutaita fundi, mama," binti alisema. "Apige musasa yote, aanze upya. Itakuwa muzuri."

Alikuwa na hoja. Baba yake angekuwa amekwisha kupiga magoti. Nilimwambia angoje. Nilikunja kitenge, nikapiga magoti mimi, nikaanza na bao la kwanza upande wa jikoni, uso wangu karibu nalo, nikilifuata mpaka mwisho. Kisha la pili. Binti alinitazama kwa muda, akadhani naangalia uharibifu.

"Uko unatafuta nini?"

"Mahali ya baba yako."

Alichuchumaa karibu yangu, akanishika mgongo. "Mama," alisema polepole, "Papa hakufika hapa."

Nilijua. Nilijua tangu nilipopiga magoti. Lakini nilikuwa nimefika katikati, na nikaendelea bao kwa bao mpaka lile la mwisho, ukingoni, nikiona mguu wa kila mtu aliyekuja kumlilia, na wake haumo.